Kifaa cha Umeme Hakiponyi Mgongo

Juzi kwenye treni, dada mmoja anayehudumia wazee majumbani hapa Stockholm aliniuliza: “Nesi, hivi vifaa vya umeme vya kubandika mgongoni vinasaidia kweli?” Nikacheka, maana somo hilo nimelilipia.

Majira ya baridi ya mwaka juzi nilikuwa nafanya zamu mbili mbili, ada ya mdogo wangu ikinisubiri nyumbani. Kugeuza wagonjwa kitandani kukaniumiza kiuno. Nikanunua kifaa cha TENS, nikakivaa chini ya sare. Maumivu yakatulia, nami nikazidi kunyanyua. Baada ya wiki tatu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikakaa miezi miwili bila kunyanyua kitu, na ada nikaikopa. Nesi mzima, mwenye diploma na digrii!

TENS hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi na kuamsha mishipa ya fahamu. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kama lango: hisia za mguso zikipita kwa wingi, za maumivu huzuiwa. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua. Lakini lango kufungwa si jeraha kupona. Wengine hupata nafuu na wengine hawapati, na mara nyingi nafuu hiyo huisha muda mfupi baada ya kuzima kifaa.

Ukikitumia, bandika vibandiko kwenye ngozi safi isiyo na kidonda, karibu na panapouma. Ongeza nguvu polepole mpaka usikie mchonyoto wa wazi usioumiza. Nusu saa hivi inatosha kwa kuanzia. Tumia nafuu hiyo kutembea na kufanya mazoezi, si kubeba mizigo. Usilale nacho, wala usiendeshe gari ukiwa umekiwasha.

Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa asikiguse bila ruhusa ya daktari wake. Mama akija kutembea, msimwazime kabla ya kumuuliza hilo. Mjamzito na mwenye kifafa nao waulize kwanza. Usibandike mbele ya shingo, kichwani wala kifuani.

Maumivu yakiendelea, piga 1177 au weka miadi na mtaalamu wa fiziotherapia. Ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unazuilika au unatoka wenyewe, au miguu inaishiwa nguvu, usingoje kesho: nenda hospitali ya dharura.

Yule dada aliniambia hawezi kupumzika, nyumbani wanamtegemea. Nikamjibu: dada yangu, wanautegemea mgongo huo huo. Mwambie msimamizi wako leo kwamba unaumwa, na uombe kifaa cha kunyanyulia wagonjwa. Mimi nilichelewa kusema.

Tuonane toleo lijalo. Jitunzeni.