Moshi wa Injini Kuukuu na Swali Lisiloulizwa Kliniki

Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania vilivyo kando ya Bahari ya Hindi, Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, mgonjwa aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi huchunguzwa makohozi ili kubaini kama ana kifua kikuu. Huo ni utaratibu sahihi na haupaswi kulegezwa hata kidogo. Tatizo huanza pale majibu yanapoonesha kuwa kifua kikuu hakipo. Hutokea mgonjwa akaandikiwa dawa ya kuua bakteria, akirudi akaandikiwa nyingine, na katika safari zote hizo asipatikane mtu wa kumwuliza anafanya kazi gani. Endapo angeulizwa, huenda angejibu kuwa yeye ni fundi wa boti, na kwamba kwa miaka mingi ameinamia injini ya dizeli ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Swali hilo si geni katika taaluma ya tiba. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na humo akawaasa matabibu wenzake waongeze swali moja juu ya yale waliyoyarithi kutoka kwa Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Zaidi ya karne tatu baadaye, swali hilo bado ni rahisi kusahauliwa, hasa mahali ambapo foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja.

Moshi wa injini kuukuu za vyombo vya majini unastahili kuchukuliwa kama dalili ya kitabibu, wala si kero ya usafiri tu. Una rangi, una harufu na una chanzo. Chanzo hicho kinaweza kutambuliwa, na mara nyingi moshi mwingi unaweza kupunguzwa pasipo kununua injini mpya. Kwa sababu hiyo, dawa ya kifua cha fundi haiishii kwenye dirisha la famasi. Sehemu yake nyingine imo ndani ya chumba cha injini.

Kwa nini injini hizi bado zipo

Chombo cha majini huishi kuliko injini yake, na injini ya dizeli huishi kuliko matarajio ya aliyeiunda. MV Liemba, meli iliyo katika Ziwa Tanganyika tangu enzi za Vita Kuu ya Kwanza, iliundwa iendeshwe kwa mvuke, kisha ikafungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Boti za mbao zina historia fupi zaidi lakini hali yao haitofautiani sana: injini huwa ya mitumba, pengine imetolewa kwenye lori, ikafungwa na fundi hodari ambaye hana kitabu cha maelekezo wala vipuri halisi.

Sheria za kimataifa hazifiki huko. Kanuni za Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa MARPOL kuhusu gesi za oksidi za naitrojeni zinalenga injini zenye nguvu zaidi ya kilowati 130 zilizofungwa kwenye meli zilizojengwa kuanzia mwaka 2000. Injini ndogo ya boti ya uvuvi, au ile iliyofungwa kabla ya hapo, kwa kawaida haiguswi. Kupungua kwa salfa katika dizeli inayouzwa Afrika Mashariki ni hatua njema, lakini mafuta safi hayazibi ringi ya pistoni iliyokwisha wala hayasafishi chujio la hewa lililoziba.

Wakati huohuo, ushahidi wa madhara umekwisha kutolewa. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyothibitika ni ya mapafu, na upo uhusiano ulioonekana pia na saratani ya kibofu cha mkojo. Chembe nyingi za masizi yake ni ndogo mno, chini ya mikromita 2.5, hivyo hupita pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Chembe za namna hiyo huchochea pumu, huzidisha maradhi sugu ya njia za hewa na huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Kusoma rangi ya moshi

Fundi mwenye uzoefu huanza uchunguzi kama tabibu anavyoanza, kwa kutazama kabla ya kugusa chochote. Rangi ya moshi humwelekeza.

Moshi mweusi ni mafuta yaliyoungua nusunusu. Ama dizeli imezidi, ama hewa imepungua. Chujio la hewa lililojaa vumbi, turbo iliyojaa masizi, nozeli zinazodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza, au bomba la moshi lililoziba kwa ndani, vyote huzaa moshi mweusi. Lakini kosa si lazima liwe ndani ya injini. Boti iliyopakiwa kupita kiasi, propela iliyopinda au isiyolingana na nguvu ya injini, na sehemu ya chini iliyofunikwa na viumbe wa majini wanaogandia chombo, huilazimisha injini kufanya kazi kuliko uwezo wake. Injini ya namna hiyo ni sawa na mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo kichwani: hewa anayovuta haimtoshi.

Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua. Huashiria ringi za pistoni zilizokwisha, sili za valvu zilizochoka, turbo inayovujisha oili, au oili iliyojazwa kupita alama. Dalili inayoambatana nayo ni oili kupungua kila safari pasipo kuonekana mahali inapovujia.

Moshi mweupe unahitaji umakini zaidi kwa kuwa una sura mbili. Ukiwa na harufu kali ya dizeli na kuwasha macho, ni mafuta yasiyoungua kabisa. Huonekana injini ikiwa baridi, na hilo ni jambo la kawaida kwa dakika chache. Usipoisha baada ya injini kupata moto, huenda mgandamizo wa silinda umeshuka, dizeli inanyunyizwa nje ya wakati wake, au mafuta yameingia maji. Sura ya pili ni mvuke wa maji, unaotoweka upesi hewani na usio na harufu ya mafuta. Katika boti ambazo maji ya kupozea hutoka pamoja na moshi, mvuke kidogo si ajabu, lakini ukizidi humaanisha kwamba pampu haivuti maji ya kutosha. Ikiwa maji safi ya kupozea nayo yanapungua, gasketi ya hedi huenda imeungua.

Kipimo cha awali hakihitaji kifaa cha gharama. Kitambaa cheupe kikishikwa mbali kidogo na mdomo wa bomba kwa muda mfupi huonesha kama kilichotoka ni masizi makavu, oili au dizeli. Kinachohitajika ni mtu wa kutazama na daftari la kuandika tarehe, rangi ya moshi, mzigo uliobebwa na oili iliyoongezwa. Daftari hilo kwa injini ni kama kadi ya kliniki kwa mama mjamzito: thamani yake haiko katika siku moja bali katika mfululizo wa siku.

Tiba iliyo ndani ya uwezo

Hoja inayotolewa dhidi ya haya yote ni umaskini wa wamiliki. Ni hoja nzito, lakini haijakamilika. Moshi mweusi ni dizeli ambayo mmiliki ameilipia na haikumpa mwendo. Moshi wa buluu ni oili yake. Kusafisha au kubadilisha chujio la hewa, kukwangua sehemu ya chini ya boti, kumwaga maji yaliyotuama chini ya tangi la mafuta, kupima nozeli na kuzirekebisha, na kuacha kupakia kupita kiasi ni matengenezo yenye gharama ndogo kuliko injini mpya, na sehemu ya gharama hiyo hurudi kwa njia ya mafuta yasiyopotea. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo ni hasara: hulainisha vibaya pampu na nozeli, na pampu iliyoharibika huzaa moshi zaidi.

Yapo pia matengenezo yasiyogusa injini kabisa, na kwa afya ndiyo yanayotangulia. Bomba la moshi linalovuja ndani ya chumba cha injini lizibwe kabla ya safari inayofuata. Hata hivyo, kitambaa cha zamani kilichozungushiwa bomba hilo katika meli kuukuu kisichanwe ovyo, kwa kuwa huenda kina asbesto. Chumba kiwe na njia mbili za hewa, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka. Mdomo wa bomba uelekezwe mbali na abiria, kwa sababu boti inapokwenda mbele, hewa ya nyuma huzunguka na kuurudisha moshi ndani. Wajawazito, watoto na wenye pumu wasiketi upande wa nyuma. Injini isiachwe ikinguruma gatini kwa muda mrefu wakati abiria wanasubiriwa.

Ni lazima isemwe wazi kwamba moshi usioonekana haumaanishi hewa salama. Chembe ndogo kabisa na gesi hazina rangi. Matengenezo hupunguza madhara bali hayayafuti, na ipo injini ambayo imefika mwisho wake. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Barakoa ya aina ya N95 iliyobana vizuri huzuia chembe lakini haizuii gesi. Kwa hiyo barakoa isitumiwe kama kisingizio cha kuacha bomba linalovuja.

Wajibu wa kliniki

Mhudumu wa afya hatarajiwi kufungua injini. Anatarajiwa kuuliza maswali machache: Mgonjwa anafanya kazi gani, na kwa miaka mingapi? Kikohozi na kifua kubana hupungua anapokuwa nchi kavu? Moshi wa chombo una rangi gani, na unaingia ndani? Wenzake wana dalili kama zake? Maswali hayo hayachukui zaidi ya dakika mbili, na majibu yake hubadilisha uchunguzi. Mgonjwa ambaye nafuu yake huja siku za mapumziko ana haki ya kupimwa nguvu ya pumzi badala ya kupewa dawa ya kuua bakteria kwa mara ya tatu.

Ipo hali moja isiyosubiri. Mfanyakazi au abiria anayeletwa akiwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa baada ya kukaa karibu na injini kwenye nafasi iliyofungwa adhaniwe kuwa amevuta kaboni monoksaidi hadi ithibitishwe vinginevyo. Injini ya dizeli hutoa gesi hiyo kwa kiasi kidogo kuliko ya petroli, lakini injini mbovu katika chumba kisicho na hewa inaweza kutoa ya kutosha kuleta madhara. Kipimo cha kawaida cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hiyo, hivyo kinaweza kuonesha asilimia 98 ilhali mgonjwa yuko hatarini. Atolewe kwenye moshi na apewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua takribani saa 4 hadi 6 kuondoka katika damu. Akipewa oksijeni kamili, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu.

Kuandika nako ni tiba. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua maradhi yatokanayo na kazi, lakini mfanyakazi ambaye faili lake halikuwahi kutaja kazi yake atakuwa na nini cha kuonesha? Wengi wa mabaharia wa boti ndogo hawana mkataba wa maandishi. Huenda faili la zahanati likawa karatasi pekee inayoshuhudia kwamba fulani alifanya kazi katika moshi kwa miaka 15. Na mafaili yakitaja boti na gati moja mara nyingi, mganga mkuu wa wilaya atakuwa na sababu ya kuzungumza na wakaguzi wa vyombo, ili moshi uhesabiwe katika ukaguzi pamoja na maboya na majaketi ya kuokolea.

Kumwambia fundi aache kazi ni ushauri ambao wengi hawawezi kuufuata, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo ada ya shule na unga wa nyumbani. Kumwambia azibe bomba, afungue njia ya hewa, asafishe chujio na arudi baada ya mwezi kupimwa pumzi ni ushauri anaoweza kuondoka nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mapafu yaliyokwisha kuharibika hayana fundi wa kuyajenga upya. Hatua ya kwanza haina bei: kalamu ya mhudumu iandike kazi ya mgonjwa kabla ya kuandika dawa.