Si kila homa ni malaria, na si kila gia kugoma ni giaboksi (Sehemu ya 6)

Sehemu tano zilizopita tumeongea chanjo, uji wa lishe, kuharisha, dalili za hatari kwa mjamzito. Leo naongelea gari. Msinicheke. Vuli inakaribia, na kila msimu wa mvua napokea simu za "nesi, mtoto anaumwa na gari limegoma". Basi na hili nimeona ni langu.

Nianze na kilichotokea huku kwetu Kurui. Jirani yangu ana gari dogo la otomatiki, la mtumba kutoka Japani kama mengi mnayoyaona barabarani. Ndilo gari la mtaa: harusi, msiba, mgonjwa, wote linawabeba. Masika iliyopita alivuka maji kwenye bonde, yakafika usawa wa chini ya milango na kuingia kidogo hadi kwenye zulia. Akapita. Akashuka anacheka, "chuma cha Mjapani hiki". Siku ya kwanza hakuna shida, ya pili hakuna shida. Siku ya tisa, saa nane usiku, wakaja kunigongea: mama mjamzito, uchungu umekolea, chupa imeshapasuka.

Gari likawaka vizuri tu. Akaweka D, likaondoka kwa uzito kama limefungwa kamba kwa nyuma. Injini inanguruma, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, gia hazibadiliki. Mwendo wa baiskeli, barabara ya udongo, usiku. Mimi nimekaa nyuma na yule mama, nahesabu dakika kati ya uchungu na uchungu, na nawaambia ukweli, niliogopa. Nilipiga 115 tukiwa njiani, kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla hata hatujapanda. Gari la wagonjwa likatupokea katikati ya safari. Mtoto alizaliwa salama, sasa hivi anakaa mwenyewe na anang'ang'ania kijiko.

Kesho yake fundi akaja, akaliendesha gari mita hamsini, akasikiliza, akasema: "Giaboksi imekufa. Tafuteni nyingine ya mtumba, 1,200,000." Mke wa jirani akaja kwangu, amekata shauri kutoa akiba yake yote ya vikoba. Nikamuuliza, amepima na nini? Akasema, "Amesikiliza tu."

Sasa hapo ndipo nilipokasirika. Kliniki tumeshaacha zamani kumshika mtoto paji la uso na kumwandikia dawa ya malaria. Tunamtoboa kidole, tunaweka tone la damu kwenye kipimo, tunasubiri. Si kila homa ni malaria, tumelisema hilo mpaka sauti zimekauka. Kwa nini gari lililobeba akiba ya familia litibiwe kwa kushikwa paji la uso?

Ngoja niwaeleze nilivyoelezwa na fundi umeme wa magari aliyelipima baadaye, kwa lugha yetu. Giaboksi ya otomatiki haijiamulii peke yake. Kuna kompyuta inayoiamuru, na sensa zinazoipelekea habari: gari linakwenda kwa kasi gani, injini inazunguka vipi, mkono wa gia uko P, R, N au D. Kompyuta ikishapata habari inafungua na kufunga vali ndogo za umeme zinazosukuma oili, na gia inabadilika. Ni kama ubongo na mishipa ya fahamu. Baadhi ya vifaa hivyo na soketi za waya wake vimekaa nje ya giaboksi, chini kabisa, mahali ambapo maji ya barabarani hufika kwanza. Kompyuta yenyewe kwenye magari mengine imewekwa ndani, nyuma ya dashibodi au karibu na miguu ya abiria.

Maji yakiingia kwenye soketi, hayaui siku hiyo hiyo. Yanakaa. Shaba inaanza kuota ile kutu ya kijani mnayoiona kwenye vichwa vya betri iliyochoka. Umeme unapita kwa shida, habari inafika imepotoka. Kompyuta ikipata habari isiyoeleweka, inaamua kulinda giaboksi: inashikilia gia moja, inawasha taa, inakuacha utambae mpaka kwa fundi. Kwa hiyo ile siku ya tisa haikuwa mkosi wala jicho la mtu.

Gari la jirani lilikuwa na tatizo kwenye swichi inayosoma mkono wa gia. Soketi yake ilipofunguliwa, ndani matope na kijani. Ikasafishwa kwa dawa ya kusafishia umeme, ikakaushwa, swichi ikabadilishwa. Jumla 85,000. Akiba ya vikoba ikabaki mahali pake.

Msinielewe vibaya, giaboksi nayo hufa. Ina kipumulio, na ikiwa ya moto halafu ikazamishwa kwenye maji ya baridi inaweza kuvuta maji ndani kupitia hapo. Oili ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Ikichanganyika na maji inakuwa ya waridi, nzito kama maziwa yenye rangi. Ukiona hivyo usiwashe gari tena hata la kwenda dukani, maana maji yanaharibu sahani za msuguano zilizo ndani. Magari mengine hayana kijiti cha kupimia oili hiyo, inabidi fundi afungue kwa chini. Afungue basi, na wewe uwepo uione kwa macho yako. Na oili inayowekwa iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Zile giaboksi za mkanda, CVT, zina oili yake, na ukiweka ya kawaida umejitafutia msiba mwingine.

Hata mashine ya kupimia si Mungu. Ikisema "sensa ya mwendo" haijamaanisha sensa imekufa. Inamaanisha habari ya sensa hiyo haifiki sawasawa, na inaweza kuwa waya tu, au soketi. Kipimajoto kinakuambia mtoto ana joto 39, hakikuambii ni masikio au mkojo. Fundi anayesoma mashine na kukimbilia kununua kifaa bila kufungua soketi hana tofauti sana na yule wa kusikiliza.

Gari likizima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha tena. Maji yakiwa yameingia kwenye injini, kuliwasha ndiko kunakoivunja. Toeni watoto kwanza, gari baadaye. Likishatolewa, fundi achomoe waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua soketi yoyote. Na jamani, zile kamba! Otomatiki halivutwi kwa kamba kilomita na kilomita huku injini imezimwa na magurudumu yanayoendesha gari yako chini. Pampu ya oili haifanyi kazi, giaboksi inazunguka kavu. Linabebwa, au magurudumu hayo yananyanyuliwa. Nimeona gari lenye shida ya waya tu likafika gereji na giaboksi iliyokufa kweli, imeuliwa na msaada.

Maji mengine tunayaingiza wenyewe. Huku tunapenda kuegesha chini ya mwembe na mkorosho, kivuli kizuri, lakini majani yanajaa pale chini ya kioo cha mbele na kuziba matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha, maji yanatafuta njia ya ndani, na ndani ndiko kuliko na nyaya. Chomoeni majani, kazi ya dakika tano. Vijana wa kuosha magari nao wanapiga injini kwa maji ya presha ili ing'ae. Waambieni hapana. Halafu kuna uji. Ndiyo, uji, na soda. Mtoto akimwaga kwenye mkono wa gia, sukari inaganda kwenye swichi zilizo chini yake, asubuhi mkono haumtoki P. Mimi limenikuta, na aliyemwaga ni wangu.

Mnaotaka kununua gari, kumbukeni kuwa gari lililozama huoshwa likang'aa. Watu wa Dar wameona karakana ya mwendokasi pale Jangwani ikijaa maji zaidi ya mara moja tangu mabasi yaanze 2016, mabasi yakaharibika, na sasa mradi wa Bonde la Msimbazi unahusisha kuihamisha. Yale ya umma tuliyaona kwenye taarifa ya habari. La mtu binafsi nani atakuambia? Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uangalie kama kuna mstari wa tope. Nyanyua zulia, nusa. Angalia kutu kwenye vyuma vya chini ya viti. Kwa magari ya mnada wa Japani omba karatasi ya mnada. Wakaguzi wa kule wana jina maalumu la gari ambalo maji yalipita usawa wa sakafu, na ikiwa liliingia mnadani likiwa hivyo, inatakiwa iandikwe.

Nije kwa akina baba, maana najua mnasoma kwenye simu za wake zenu. Hii tabia ya "nitapita tu" siipendi. Maji yanayokwenda kasi ya kina cha sentimita 30 tu yanaweza kusukuma gari dogo likaelea. Aprili 2024 kule Arusha basi la shule lilisombwa na maji ya korongo, na watoto wa watu hawakurudi nyumbani. Mama, una haki ya kusema "simamisha, tushuke" hata kama gari si la jina lako. Atanuna. Atanuna akiwa hai.

Na gari lililopita kwenye maji mengi, hata kama linatembea vizuri, lisihesabiwe kuwa gari la dharura mpaka soketi na oili zikaguliwe. Mjamzito aliyekaribia tarehe awe na namba ya dereva wa pili, na kabla ya yeyote kati yao ipigwe 115. Ni bure, na ndiyo inayoratibu usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga chini ya mpango wa m-mama.

Jirani yangu, yeye amepaka rangi nyekundu kwenye mti ulio ukingoni mwa lile bonde, usawa wa chini kidogo ya goti. Maji yakigusa rangi, anageuza. Juzi mkewe kaniambia na bodaboda nao wameanza kuiangalia.