Alama 28 Nazo Zina Habari: Barua ya Wazi kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

Januari 2023, Baraza lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, halikusoma orodha ya shule kumi bora wala ya wanafunzi kumi bora. Wapo walionuna. Wenye shule walikosa tangazo la bure, na magazeti yakakosa picha ya mtoto aliyebebwa juu juu na ndugu zake. Sisi wa shule za kata tulifurahi, maana orodha ile haikuwahi kutuambia tufundisheje. Nakuandikia kwa sababu kazi ile iliishia njiani.

Orodha imetoka redioni, shuleni bado ipo. Pita shule nyingi leo utakuta karatasi ya majina ukutani, wa kwanza mpaka wa mia na ushee. Utakuta mkondo wa vipanga, na mkondo wa mwisho ambao hata ofisini kwa walimu unatajwa kwa kuguna. Ripoti ya mtoto ikifika nyumbani, mzazi anatafuta kwanza nafasi aliyoshika, na mara nyingi hasomi zaidi ya hapo. Mtoto akishaitwa kilaza mara tatu, ya nne anajiita mwenyewe. Nafundisha Hisabati, kwa hiyo hawa nawajua: ukimpa karatasi ya maswali anaandika jina, anaandika namba, analaza kichwa juu ya dawati. Watu husema mvivu. Mimi naona anajikinga, kwa kuwa asiyejaribu hakuna wa kumwambia amejaribu akashindwa.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano nchini Marekani mafumbo ya kutatua. Wengine waliwasifu kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Yalipokuja mafumbo magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, na walipoulizwa baadaye wamepata ngapi, walioongeza alama za uongo miongoni mwao walikuwa wengi kuliko miongoni mwa wenzao waliosifiwa bidii. Tangu hapo Dweck amejulikana dunia nzima kwa hoja yake kwamba mtoto anayeamini akili hukua ikifanyiwa kazi husoma tofauti na yule anayeamini akili ni kipaji alichonyimwa.

Naomba hoja hiyo isigeuzwe mabango. Tumeshabandika mengi. Mwaka 2019 utafiti mkubwa uliohusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa sekondari huko huko Marekani ulionyesha kwamba somo fupi la aina hii huwainua kidogo wanafunzi wenye alama za chini, hasa pale ambapo mazingira ya shule yenyewe yanakubaliana na somo hilo. Tafsiri yake kwetu ni nyepesi. Huwezi kumwambia mtoto asubuhi kwamba akili hukua, mchana ukamkabidhi karatasi inayosema yeye ni wa 93.

Sasa nije kwako. Kwa madaraja yenu, alama 0 mpaka 29 ni F. Mwanafunzi aliyeingia kidato cha tatu akipata 6 katika Hisabati, akahangaika miaka miwili, akamaliza na 28, anapewa F. Mwenzake aliyetoka 74 akafika 75 ametoka B kwenda A na anapigiwa vigelegele. Sisemi 28 iitwe ufaulu. Nasema alama 22 zilizopandwa pale haziandikwi popote, na mwalimu aliyezipandisha anaandikiwa barua ya kujieleza sawa na yule ambaye hakuingia darasani. Katika miaka ya karibuni wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Wengine wote tunawarudishia herufi moja. Ni sawa na hospitali kumpa mtu cheti kwamba ni mgonjwa bila kumwambia anaumwa nini.

Na mwalimu anayetishwa hutafuta mlango wa nyuma. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa kwa nafasi na kupewa rangi, kijani, njano na nyekundu. Wachumi waliochambua takwimu za shule za msingi baadaye walikuta kwamba zilizoburuza mkia ziliinua ufaulu, lakini pia watoto wao waliofika kwenye chumba cha mtihani walipungua. Mwenye macho anaelewa ni watoto gani walioachwa nje.

Kinachonishangaza ni kwamba dawa mnayo ninyi wenyewe. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Mle mna majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, pamoja na maelezo ya walipoteleza: huyu alisoma nusu ya swali, yule alikariri kanuni asijue pa kuitumia. Sijui chapisho jingine nchini linaloliheshimu kosa kiasi hicho. Lakini liko mtandaoni, la somo langu limeandikwa kwa Kiingereza, na walimu wengi hawajawahi kulifungua. Wakati huohuo chini ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakutana shuleni katika jumuiya za ujifunzaji, na mara nyingine tunamaliza kikao tukijadili posho. Tuleteeni uchambuzi huo kwa Kiswahili, mada moja moja, kurasa mbili tatu zinazoweza kujadiliwa kwa saa moja na kisha kupelekwa darasani.

Mnapoita walimu kusahihisha mitihani ya taifa, msisahau wa shule zinazoburuza mkia. Mwalimu aliyekaa wiki kadhaa akisoma makosa ya watoto wa nchi nzima harudi alivyokwenda. Anaacha kuuliza nani kakosa, anaanza kuuliza alikuwa anafikiri nini. Kwa sasa wenye bahati hiyo, kwa ninavyoona, ni walewale.

La mwisho ndilo gumu. Wanafunzi sasa wana namba ya usajili ya PReM inayowafuata tangu shule ya msingi, na alama zao za kidato cha pili mnazo. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ipeni kila shule karatasi yake, isiyotangazwa, inayoonyesha kila mtoto alipoanzia na alipofikia kwa kila somo. Maafisa elimu nao wapewe hiyo kabla hawajaandika barua za kujieleza. Kama ni kazi kubwa kwa nchi nzima, anzeni na mkoa mmoja na somo moja. Mkichagua Hisabati, shule yetu iko tayari kujaribiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati, shule ya kata