Goti la Mshambuliaji

Vijana munaoacha masomo juu ya mupira, munisikilize kidogo. Britt Assombalonga alizaliwa Kinshasa mwaka 1992, akakulia Uingereza. Timu yake Watford ilimwazimisha kwa Braintree, divizioni ya tano. (Huko chini hakuna umaarufu!) Mwaka 2013 akaingia Peterborough, divizioni ya tatu, akafunga magoli 23 ya ligi, mwaka uliofuata Nottingham Forest wakamnunua. Februari 2015 akaumia goti vibaya. Alikaa zaidi ya mwaka bila kucheza. Hata hivyo, mwaka 2017 Middlesbrough walimnunua kwa pauni milioni 15.

Lakini yeye alikuwa na kontra, na madaktari wa timu. Wewe wa Mongbwalu, goti lako likivunjika kesho kiwanjani, nani atalipa hospitali? Muulize kiongozi wako mbele ya kutia sahihi.