Usonji: Swali la Kwanza Liulizwe Kliniki

Katika kata ya Nanyala, wilayani Mbozi, kama ilivyo kokote Tanzania, mtoto mchanga ana siku yake ya kliniki. Mama humbeba mgongoni, hushika kadi mkononi, hupanga foleni. Mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, na tarehe ya kurudi huandikwa. Kazi hiyo imeokoa maisha ya watoto wengi, na hakuna sababu ya kuibeza.

Lakini mtoto mwenye usonji anaweza kunenepa vizuri kabisa. Hana homa, hana kidonda, na mstari wa uzito kwenye kadi yake unapanda kama wa wenzake. Hupita mikononi mwa wahudumu wengi bila mtu kushtuka. Kinachomsumbua mama ni yale anayoyaona nyumbani jioni: anamwita mwanawe kwa jina na hageuki, ingawa sauti ya redio anaisikia. Hanyooshi kidole kumwonyesha mtu lori linalopita. Anaweza kuzungusha kifuniko cha chupa saa nzima, na kikiondolewa hulia mpaka anaishiwa nguvu. Wapo walioanza kusema maneno machache, kisha yakapotea.

Mama anayeuliza hupewa majibu yanayofahamika. Atulie, watoto wa kiume huchelewa kusema. Bibi anakumbusha kwamba hata baba wa mtoto alisema akiwa mkubwa. Jirani anashauri mganga, mwingine anashauri maombi, na wa tatu ananong'ona kwamba kuna jambo familia inalificha. Wengi wao husema kwa nia njema. Miaka inapita hivyo, na miaka hiyo ndiyo ambayo ubongo wa mtoto hupokea mafunzo kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na wanaume ndio wanaotambuliwa kwa wingi zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,344,687 katika Mkoa wa Songwe. Ukichukua kipimo hicho cha dunia kama makadirio tu, mkoa huu pekee una watu zaidi ya elfu kumi wenye usonji. Hao si wageni. Wako Nanyala, Mlowo, Vwawa na Tunduma, na wengi wao wanaishi bila hali yao kutajwa na mtaalamu yeyote.

Kwa nini hawaonekani? Jibu moja lilipatikana zamani. Mtafiti Victor Lotter alizunguka nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Zambia, na mwaka 1978 akachapisha alichokuta. Katika vituo na shule za watoto wenye ulemavu wa akili aliona zaidi ya watoto 1,300, na aliowatambua kuwa na usonji walikuwa 9 tu. Wapo waliochukua matokeo ya aina hiyo kuwa ushahidi kwamba usonji ni haba Afrika. Lakini Lotter aliwatafuta katika vituo, na mtoto ambaye familia yake haijawahi kuambiwa ana nini hafiki kwenye kituo. Anabaki nyumbani.

Kubaki huko nyumbani kuna uzito wake kwa kijiji kilichopakana na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Malori hupita usiku na mchana. Baadhi ya watoto wenye usonji hupenda kutoroka na kutembea bila kujua hatari, na mtoto asiyeweza kutaja jina lake hawezi kuuliza njia ya kurudi. Mzazi anayemfungia mtoto chumbani, au hata kumfunga kamba wakati yeye yuko shambani kwenye kahawa au mahindi, mara nyingi anaogopa lori na si kwamba hampendi mwanawe. Anayemhukumu mzazi huyo amwambie kwanza nani angemwangalia mtoto mchana ule. Kijiji kinachojua hali ya mtoto kinaweza kumsaidia: dereva wa bodaboda anayemfahamu humrudisha, mwenye duka humshika mkono. Lakini watu hawawezi kulinda kile walichofichwa, na familia hailazimiki kusema inapojua itakachovuna ni lawama.

Lawama hizo hazikuzaliwa Mbozi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali hii, na kwa miongo iliyofuata madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Dai hilo lilipingwa kwa nguvu mwaka 1964 na Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa kijana mwenye usonji. Uingereza, Lorna Wing, daktari wa akili na mama wa binti mwenye usonji, aliungana na wazazi wenzake mwaka 1962 kuanzisha chama, na miaka mitatu baadaye chama hicho kikafungua shule. Wasomi na hospitali kubwa walikuwa na makosa. Wazazi ndio waliosahihisha.

Leo inajulikana kwamba usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na kwamba urithi una sehemu kubwa. Hautokani na uchawi wala malezi mabaya. Hautokani na chanjo pia, na hili lisemwe wazi kwa kuwa kliniki ndiyo mahali pa chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyoeneza uvumi huo ilifutwa na jarida lililoichapisha, mwaka 2010. Tanzania yenyewe imechangia elimu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 juu ya kundi dogo la watoto wa hapa nchini ulionyesha kwamba kwa baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya malaria kali. Kwa hiyo daktari anayesikiliza historia yote ya mtoto, tangu mimba hadi homa aliyolazwa nayo, hapotezi muda.

Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala mashine inayousoma. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumuuliza mzazi maswali sahihi. Katika nchi maskini hiyo ni habari njema, kwa sababu maswali yanaweza kusafiri hadi kwenye zahanati. Ipo orodha inayotumika duniani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, yenye maswali 20 tu ya ndiyo na hapana. Nchini Uganda, daktari wa watoto Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliongeza maswali 13 kwenye orodha ya zamani ya maswali 10 ya kubaini ulemavu, wakayajaribu mitaani Kampala na Wakiso, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Orodha hizi hazitoi hukumu. Zinamwambia mhudumu nani apelekwe mbele.

Tanzania ina watu wa kuuliza. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Kabla ya hapo, Desemba 2021, ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayogusa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Maswali ya usonji yaingie humo: yafundishwe kwa wahudumu hao, na yaulizwe siku ileile mtoto anaporudi kwa chanjo ya surua ya miezi 18. Hakuna haja ya kujenga jengo jipya kwa ajili hiyo.

Wapo watakaouliza faida ya kumwambia mzazi jina la hali wakati wataalamu hawapo. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Wataalamu wa kumfunza mtoto kuwasiliana, au kuvaa, kula na kushika kalamu, ni wachache nchini na wamejikusanya mijini. Kutoka Nanyala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Lakini msaada wa kwanza hautoki kwa mtaalamu. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya wazazi yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoendeshwa na watu wasio mabingwa, na yamejaribiwa Ethiopia na Kenya. Mzazi hufundishwa kukaa chini sakafuni na mtoto, kuingia kwenye mchezo wake, kumwonyesha picha ya anachotaka kabla ya kudai neno, kupanga siku iwe na utaratibu unaotabirika. Kikundi cha akina mama cha kijiji kinaweza kuwa darasa la mafunzo hayo.

Shule nazo zipo, ingawa hazitoshi. Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ni shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Mbeya, karibu zaidi na Nanyala, shirika la Child Support Tanzania linaendesha shule ambapo watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu husoma pamoja. Chuo cha Patandi mkoani Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Halmashauri za Songwe ziombe walimu hao kwa majina ya watoto waliohesabiwa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo ndizo zianze kuandika majina.

Wakati hayo yanasubiriwa, mzazi wa Nanyala mwenye wasiwasi ana hatua za kuchukua wiki hii. Amrekodi mtoto kwa simu akicheza, akila, akiitwa jina, kwa sababu chumbani kwa daktari mtoto anaweza kuwa tofauti kabisa. Aombe masikio yapimwe kwanza, na aseme kama mtoto amewahi kupata degedege. Aombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa Vwawa, na kutoka huko kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Baba aende naye, ili maelezo yasibaki mgongoni kwa mama peke yake anaporudi kuikabili familia. Na wakiambiwa wasubiri mpaka mtoto afikishe miaka mitano, wakatae kwa heshima, wakae palepale kwenye benchi, waombe barua hiyo iandikwe siku hiyohiyo.