Nyama ni Halali, Lakini Damu Imeenda Wapi?



Tukiingia bucha, iwe ni Thika au Ruiru, swali letu huwa moja: nani kachinja? Tukiambiwa ni Muislamu, tunalipa, tunaenda zetu. Swali hilo lina nguvu kweli. Ndiyo maana vichinjio vingi Kenya huajiri wachinjaji Waislamu, hata pale wanunuzi wengi si Waislamu. Lakini kuna swali la pili ambalo hatuliulizi kabisa: damu, kinyesi na maji ya kuoshea vimeenda wapi?

Msimamo wangu ni huu: anayeshika kisu na anayekula nyama wana haki ya kudai jibu la swali hilo, na pia wana wajibu.

Tuanze na hesabu. Ng'ombe mmoja hutoa kati ya lita 10 na 20 za damu, na tumboni mwake mna makumi ya kilo za majani na kinyesi. Damu ikiingia mtoni, vijidudu huiozesha, na kazi hiyo hula oksijeni iliyo ndani ya maji. Samaki hukosa pumzi, maji yananuka. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo: majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita. Damu mbichi huhitaji zaidi ya 100,000. Maana yake, ukitaka kuipunguza makali lita moja ya damu kwa maji matupu, unahitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi. Kwa ng'ombe mmoja aliyetoa lita 10, hayo ni malori matatu ya maji ya lita 10,000 na bado hayatoshi.

Mto wa kuchezewa hivyo hatuna. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, linazuia maji ya Mto Thika huko juu yaende Nairobi. Mto Ruiru nao una bwawa lake linalohudumia jiji hilo hilo. Huko juu maji ni mali. Yakishafika kwetu mjini, yanageuka mtaro wa kila mtu.

Sasa tuulize, nani yuko chini? Mto Thika unaungana na Chania hapo hapo mjini, unaingia bwawa la Masinga, kisha maji yanaendelea na Tana: Garissa, Hola, Garsen, mpaka baharini Kipini. Maji ya Ruiru huteremka hadi Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Kando ya Sabaki, pale Baricho, kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa.

Sisemi ati damu ya Ruiru inatoka kwenye mfereji wa nyumba ya Kisauni. Safari ni ndefu, mchanga huchuja, na viwanda na majitaka ya Nairobi yana mzigo wao mkubwa. Wa kwanza kuumia ni jirani wa karibu: mtoto anayeoga mtoni, mama anayefua, mkulima anayemwagilia sukuma wiki ambayo jioni iko sahanini kwako.

Wallahi, hili jambo si geni kwenye dini yetu. Mtume (SAW) alikataza mtu kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Ikiwa haja ya mtu mmoja imekatazwa, je, damu ya ng'ombe ishirini kila alfajiri? Na damu iliyomwagika tunajua ni najisi. Ikikugusa kanzu, unaiosha kabla ya kuswali. Vipi basi tuone sawa imwagwe kwenye maji ambayo mwenzetu atatawadhia?

Kuna watakaosema, "Nyinyi mnataka kufunga vichinjio, vijana wakose kazi." La. Ukifunga kichinjio bila kurekebisha mitaro yake, watu hawaachi kula nyama. Uchinjaji unahamia vichochoroni usiku, bila mkaguzi wa nyama, na damu inaingia mto ule ule.

Njia zipo, na si za ajabu. Kwanza, damu ikingwe kwenye tangi lake, isichanganyike na maji ya kuoshea. Pili, kinyesi kizolewe kwa koleo kikiwa kikavu kabla ya kufungua mpira wa maji. Kinafaa kwa mbolea. Tatu, maji yanayobaki yapite kwenye wavu, kisha mtego wa mafuta, kisha mabwawa ya kusafishia au laini ya majitaka, kwa ruhusa ya kampuni ya maji. Kule Kiserian, Kaunti ya Kajiado, kichinjio cha Keekonyokie kilijenga mtambo wa biogesi, taka zikawa nishati. Kichinjio cha Nyongara, Dagoretti, nacho kilipata mtambo wa namna hiyo. Kama Kajiado imewezekana, Kiambu inashindwa na nini?

Mwenye kichinjio ana wajibu wake, lakini hayuko peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limeweka vichinjio vya kaunti, pamoja na huduma za maji na usafi, mikononi mwa serikali ya kaunti. Leseni na viwango ni kazi ya NEMA. Kwa hivyo tukiuliza, tuulize wote watatu, tusimwangushie lawama kijana wa mshahara wa siku aliyeshika ufagio.

Na tuulize kwa nguvu ya sheria. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 43 kinakupa haki ya maji safi na salama. Cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umeumia wewe mwenyewe. Mkisema haya ni ya kwenye karatasi tu, waulizeni wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikiwa miongoni mwa waliolaumiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 wakazi wakapata ushindi.

Basi tufanye nini kuanzia wiki hii?

Moja, andikeni barua kwa NEMA na kaunti mkitumia Kifungu cha 35: kichinjio cha kwetu kina leseni ya kuachilia majitaka? Vipimo vya mwisho vilisema nini? Usimshtaki mtu kabla ya kupata majibu.

Mbili, kaunti ikiita wananchi kwenye kikao cha bajeti, nendeni. Ulizeni ada za kuchinja zinakwenda wapi, na mtambo wa majitaka umetengewa pesa ngapi. Usimwachie MCA peke yake.

Tatu, Idd-ul-Adh'ha tuanze na nyumbani. Chimba shimo la damu mbali na kisima, fukia vizuri, usisukume chochote kwenye mtaro wa ploti. Hatuwezi kudai kwa kaunti tusilolifanya uani kwetu.

Mara nyingine ukiwa bucha, uliza nani kachinja. Halafu ongeza la pili: na damu mmeipeleka wapi? Akikosa jibu, mpelekee swali hilo mwenye kichinjio.