Mbaruk wa Gasi na ugomvi wa urithi

Wanafunzi wengi wanaweza kukusimulia habari za Abraham Lincoln: aliingia bunge la jimbo la Illinois mwaka 1834, akapata leseni ya uwakili mwaka 1836, mwishowe akawa rais wa Marekani. Lakini waulize juu ya Mbaruk bin Rashid wa Gasi, aliyeishi karne hiyo hiyo. Watakutumbulia macho.

Gasi ni kijiji cha pwani kati ya Diani na Msambweni. Babake Mbaruk alikuwa mtawala wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa, kabla Seyyid Said hajautwaa mji huo mwaka 1837. Mbaruk hakuwa na bunge la kupeleka madai yake. Alimwasi Sultani wa Unguja mara kadhaa, na mambo yakimzidi alikimbilia ngome yake ya Mwele, upande wa vilima vya Shimba. Hakuwa malaika: mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa.

Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mtawala wa Wamazrui wa Takaungu. Nani amrithi? Mwana wa nduguye, aliyeitwa pia Mbaruk bin Rashid, alidai kiti kwa kuwa ndiye mkubwa. Lakini kampuni ya Waingereza iliyosimamia pwani ikampa Rashid, mwana wa marehemu, kwani alipatana nao.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kampuni haikwenda kulima. Vita vikazuka, na Mbaruk wa Gasi akasimama na wajina wake. Julai mwaka huo serikali ya Uingereza ikaichukua pwani mikononi mwa kampuni. Agosti Mwele ikatekwa. Baadaye wakaletwa askari kutoka India, na Aprili 1896 mzee wa Gasi akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani pamoja na wafuasi wake. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na Gasi yake.

Je, mzazi mwenzangu, wanao wanajua shamba na nyumba vitagawanywaje siku ukiondoka? Waite mzungumze ungali hai, kisha mwone kadhi au wakili, yaandikwe. Msipoelewana nyumbani, ataamua mgeni, naye ataangalia faida yake kwanza.